Baskeli yangu ya mahari na tundu lililokwisha nyuzi



Leo sikuja na mshono mpya wa shela, wala singo ya kumsugua bi harusi. Leo nimekuja na baskeli. Najua kuna watakaocheka, lakini nivumilieni, maana ndani ya hadithi hii mna gauni la harusi, mna mama mkwe, na mna kosa langu mwenyewe nililokaa nalo kimya karibu mwezi mzima.

Kwa wageni wa hapa: mimi ni mtoto wa Unguja. Nimesoma hadi kidato cha nne, nikaingia kituo cha amali pale Mwanakwerekwe kusomea ushoni, na tangu hapo riziki yangu inatoka kwenye charahani. Nimeolewa Moshi, mwaka wa tisa huu. Ilipokuja posa, shangazi zangu walinikalisha kitako wakaniuliza nataka mahari gani. Mmoja alikuwa na jibu lake tayari, seti ya dhahabu. Mwengine makochi na kabati la vioo. Mimi nikasema nataka baskeli. Pakawa kimya, halafu pakawa kelele. "Mahari ya magurudumu! Watu watatusema!" Nikawaambia mahari ni yangu, na ile aya ya 4 ya Suratun Nisaa haikutaja makochi. Shekhe aliyetufungisha ndoa alipoona kwenye karatasi alitabasamu, akasema yupo aliyeambiwa atafute hata pete ya chuma, sasa hii ni baskeli nzima tena ina kengele.

Ilikuwa mtumba wa Japani, rangi ya bahari ya kina kifupi. Fremu yake imeinama katikati, kwa hivyo buibui halina haja ya kupandishwa. Cheni imefunikwa, mbele kapu, nyuma keria. Tulipohamia Moshi ilisafiri juu ya basi kutoka Dar es Salaam, nimeifunga kwa kanga zangu mwenyewe, na njia nzima nilikuwa nasikiliza kama inagonga.

Kwetu Unguja mwanamke juu ya baskeli si habari. Mwalimu anakwenda nayo skuli, msichana anakwenda nayo chuoni na juzuu yake ndani ya kapu. Na ardhi ya kwetu ni tambarare. Moshi sivyo. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na kila njia inayotoka hapo kwenda kaskazini inapanda kuelekea mlima wenye mita 5,895. Tambarare iko kusini, njia ya mashamba ya miwa ya TPC, huko ndiko utakakoona watu wazima wakienda kazini kwa baskeli bila ya jasho. Huku juu, Uru, Kibosho, Old Moshi, baskeli inashuka na mikungu ya ndizi huku breki zinalia, na kurudi inasukumwa kwa mkono. Wachache wanaopanda bila ya kushuka husimama juu ya pedeli, mwili mzima juu ya mguu mmoja, halafu juu ya mguu wa pili. Nilikuwa miongoni mwa hao wachache, kwa ubishi tu wa kuonyesha kuwa Mzanzibari naye anaweza.

Duka langu liko Majengo. Mama mkwe anakaa Old Moshi, juu ya Kiboriloni, kwenye kihamba chake cha migomba na kahawa. Baskeli ndiyo iliyonifanya niweze kushona na kupeleka, kwenda kupima kiuno cha bi harusi nyumbani kwao badala ya yeye kupanda daladala mbili, kukimbilia Mbuyuni kutafuta bitana na kurudi kabla adhuhuri haijaadhiniwa. Na binti yangu mdogo ndiyo basi lake la chuoni, anakaa kwenye keria amenishika kiuno.

Mwanzoni mwa masika pedeli ya kushoto ilipasuka. Ile plastiki ya kukanyagia ikaanguka vipande viwili, nikabaki na ekseli yake ya chuma imejitokeza kama mfupa. Nikaenda kwa muuza vipuri vya mtumba, mtu ana lundo juu ya turubai, akapekua akanitolea pedeli moja, "hii mpya kabisa mama, 3,000 tu." Nikaichukua. Sikumwita fundi. Mtu anayefungua charahani mpaka utumbo wake na kuirudisha ataita fundi kwa pedeli?

Nikachukua spana ya mume wangu, nikaizungusha ile ekseli ya zamani kwenda kushoto, kama unavyofungua nati yoyote duniani. Haikutikisika. Nikakanyaga spana kwa mguu. Wapi! Kijana wa bodaboda aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha duka akaja kunisaidia, akasukuma kwa upande wangu ikakataa, kisha kwa mchezo tu akasukuma upande wa pili. Ikafunguka kwa ulaini, kama haikuwahi kukaza. "Hii imefungwa kinyume," akasema, tukacheka sote wawili. Hapo hapo ningesimama nikafikiri. Lakini nilikuwa na mteja ndani amevaa gauni la nusu pini.

Nikaitia ile pedeli niliyonunua, nikaizungusha kwenda kulia. Ikaingia kidogo, imeinama, ikagoma. Nikaweka spana nikaegemea. Ikatoa sauti kama mchanga ukisagwa kwenye meno, na pakaanguka unga mweupe unaometa juu ya sakafu ya baraza. Nikadhani ni rangi. Nikaegemea tena, ikaenda, nzito nzito, mpaka ikafika mwisho. Nikafurahi. Kwenye ncha ya ekseli palikuwa na herufi imechorwa, R, nikadhani ni alama ya kiwanda. Mtu wa kidato cha nne, wapenzi, anajua Kiingereza cha kulia na kushoto, na hakuuliza.

Niwaambie sasa nililokuja kulijua baadaye. Ule mkono unaoshika pedeli, mafundi wanauita krenki, una tundu mwishoni, na ndani ya tundu mna nyuzi zilizochongwa kwenye chuma, kama zile za ndani ya nati. Pedeli ya kulia ina nyuzi za kawaida, inakazwa kwa kuzungusha kulia. Ya kushoto nyuzi zake zinakwenda kinyume. R ni ya kulia, L ni ya kushoto, na haziazimani. Ukilazimisha ya kulia ndani ya tundu la kushoto, hazikutani, zinakatana. Ekseli ni chuma kigumu, na krenki yangu ni alumini, laini, kwa hivyo ekseli ilijichongea njia yake yenyewe na kuzila nyuzi zote zilizokuwepo. Ule unga mweupe ndio nyuzi zangu.

Ilichukua wiki tatu. Pedeli ikaanza kuyumba, nikaikaza. Ikayumba, nikaikaza, na kila nikikaza unga kidogo ukaanguka. Moyoni nilishajua kuna kitu nimekiharibu. Lakini kusema ningesema kwa nani? Mume wangu angesema spana si ya kwako. Nikanyamaza.

Basi siku ya Jumatano nikawa napeleka gauni la nikahi kwa bi harusi wangu, kwao ni juu ya Kiboriloni, harusi Ijumaa. Gauni jeupe la maziwa, lesi mikononi, nimelikunja ndani ya mfuko wa plastiki juu ya keria. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Pale lami inapokwisha nikasimama juu ya pedeli kama kawaida yangu, nikakandamiza mguu wa kushoto, na mguu ukaenda chini moja kwa moja, hakuna kitu. Pedeli imechomoka na kiatu changu. Nilianguka upande wa mfereji, kiwiko kikachubuka, na bodaboda iliyokuwa nyuma yangu ikapita kwa kukwepa, nikahisi upepo wake usoni. Mfuko ulipasukia kwenye ua wa michongoma. Tope na tundu la urefu wa kiganja kwenye sketi.

Binti yangu hakuwa kwenye keria. Alikuwa na homa, nilimwacha kwa jirani. Alhamdulillah. Kila nikifika hapa kwenye hadithi hii mikono inanitetemeka hata sasa.

Nilisukuma baskeli mpaka kwa mama mkwe. Akanivua buibui lenye tope, akanifunga kanga yake, akanipa mtori wa moto, halafu akasema lake. "Mwanangu, kiuze hicho kitu. Mlima huu si wa baskeli za wanawake." Nikamjibu, "Mama, ni vipuri vibovu tu, imechomoka yenyewe." Jioni nikamwambia mume wangu hivyo hivyo: imechomoka yenyewe. Na mama wa bi harusi nikampigia nikamweleza ukweli wa gauni, kuwa limeanguka na limechanika na nitalitengeneza, lakini kuhusu sababu nikarudia ule wimbo wangu. Vipuri vya siku hizi, mama, huviamini.

Gauni halikuwa kazi ngumu ila ya usiku kucha. Nilifungua mshono wa pembeni, nikatoa kipande kizima cha mbele, nikakata kingine kwenye kitambaa kilichobaki, na Alhamisi alasiri lilikuwa mwilini mwa mwenyewe. Nilimpunguzia 40,000 na nikapanda kwa daladala.

Baskeli sasa. Fundi wa kwanza ni yule wa chini ya mti, karibu na duka. Alitazama tundu, akakata kipande cha bati la kopo la soda, akakizungushia ekseli, akaigonga ndani kwa nyundo. Shilingi 1,000. Nilifika nayo Mbuyuni, sikurudi nayo. Simlaumu, ana watoto wa kulisha na hakuwa na kifaa kingine zaidi ya nyundo.

Wa pili alikuwa fundi wa kuchomelea. Niliambiwa na kila mtu, ichomelee tu, pedeli na krenki viwe kitu kimoja, mambo kwisha. Na kweli baskeli nyingi hapa zimefanywa hivyo, zile ngumu za chuma zinazobeba ndizi. Ila siku pedeli ikifa, krenki nayo imekufa. Fundi huyu alikuwa muungwana. Alichukua sumaku ya spika mbovu, akaibandika kwenye krenki yangu, ikaanguka. "Dada, hii si chuma. Hii ni alumini, na pedeli ni chuma, havishikani kwa moto wangu. Nitaiyeyusha tu." Hakunichaji kitu.

Nikatafuta krenki nyengine. Nilizunguka Memorial na kwengine siku mbili, nikapata za baskeli za Kichina na za Kihindi, zile zinazofungwa kwa pini ya pembeni. Yangu inaingia kwenye ekseli ya pembe nne. Haziingiliani. Muuzaji mmoja akaniambia labda Dar, aulizie, nitume nauli ya mzigo, nisubiri. Nikaona hapa ndipo baskeli nyingi za watu zinapofia, ukutani, zinasubiri labda.

Aliyeniokoa ni mteja wangu wa sare za skuli. Mumewe anamjua mzee mmoja wa kukereza vyuma. Moshi ni mji wa mafundi wa chuma zaidi ya ninavyodhani mnajua. Huko TPC kiwanda cha sukari kipo tangu miaka ya 1930, mjini kulikuwa na viwanda vya ngozi na magunia, Hai kuna Kilimanjaro Machine Tools waliokuwa wakitengeneza mashine za karakana zenyewe, na SIDO nao wana mtaa wao. Viwanda vyengine vimelala, lakini mikono iliyofanya kazi humo haikulala. Mzee huyu alistaafu kiwandani, akanunua mashine kuukuu ya kukereza, akaiweka kwenye kibanda cha bati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kiti hicho."

Akaiangalia krenki kwa muda mrefu, akatia kidole ndani ya tundu, akakizungusha kama anavyofanya daktari wa masikio. Kisha akaniuliza, "Nani aliifunga pedeli hii?"

Ule wimbo wangu ulikuwa mdomoni tayari. Nikasema, "Imechomoka yenyewe, mzee."

Akaiweka krenki mezani. Akasema kwa upole, bila ya kunitazama, "Kama imechomoka yenyewe, basi mkono huu una ufa mahali nisipopaona, au ekseli imepinda. Hapo sitii kazi yangu. Utakwenda barabarani na mtoto, utanikumbuka vibaya. Kama kuna mtu aliilazimisha, basi kilichokufa ni nyuzi tu, na chuma cha nyuma yake ni kizima. Kwa hiyo nakuuliza tena."

Palikuwa na kijana mwanafunzi wake pale, na mwanamme mwengine anasubiri shafti ya mashine yake ya kusaga. Uso uliniwaka. Nikasema, "Ni mimi, mzee. Niliilazimisha. Ilikuwa ya kulia." Akatikisa kichwa, akachukua kipimo chake, akaanza kazi. Basi. Hakuna aliyecheka.

Alichofanya kilinitisha mwanzo. Aliitoa krenki kwenye baskeli kwa kifaa cha kuvutia, akaifunga kwenye mashine ya kutoboa, na akasema atalipanua tundu. Kulipanua! Nilikuja na tundu kubwa mno, na dawa yake ni kulifanya kubwa zaidi. Nikainuka kwenye kiti. Halafu nikakaa, kwa sababu nikakumbuka tundu la kifungo. Mteja akikuletea koti ambalo tundu la kifungo limechanika, huwezi kushona uzi juu ya kitambaa kilichochakaa, ukivuta unaondoka nacho. Unakata mpaka ufike kwenye kitambaa kizima, unatia kiraka madhubuti nyuma, na tundu jipya unalifungua juu ya kiraka. Mzee alikuwa anafanya hicho hicho.

Tundu la asili lina upana wa inchi 9/16, yaani karibu milimita 14.3, na kila inchi ina nyuzi 20. Hiki ndicho kipimo cha pedeli nyingi za watu wazima. Mengine, hasa ya baskeli za watoto, ni nusu inchi, kwa hivyo pima kabla ya kununua. Alitoboa hadi milimita 16.5, polepole, huku akimwagia mafuta ya taa, na kabla ya hapo aliweka pembe mraba mara mbili kuhakikisha krenki haijainama. Tundu likienda upande hata kidogo, alisema, pedeli itayumba na goti ndilo litakalolipa. Kisha akachonga nyuzi mpya za milimita 18 ndani ya ile alumini nzima, kwa kifaa cha mkono, nusu mzunguko mbele, robo nyuma kuvunja unga. Unga ule ule mweupe ninaoujua, ila safari hii ulianguka kwa adabu.

Kiraka chenyewe ni bushi ya chuma. Aliichonga kutoka kwenye bolti nene kwenye mashine ya kukereza: nje nyuzi za kuingia kwenye krenki, ndani nyuzi za kupokea pedeli. Hizo za ndani ndizo zilizompa kazi, kwa sababu lazima ziende kinyume, na kifaa cha mkono cha nyuzi za kushoto cha saizi hiyo hakuwa nacho. Akazichonga kwa kisu kidogo ndani ya bushi, kisu kikitembea kinyume, kutoka kwenye kichwa cha mashine kuja nje. Akapitisha mara nyingi, kila mara kinakula kidogo kama unywele. Upande mmoja wa bushi aliiachia ukingo mwembamba, akaiingiza kutoka nyuma ya krenki, ili pedeli ikikazwa inavuta ule ukingo ukumbatie, usichomoke. Mwisho kabisa, baada ya gundi ya chuma, alitoboa kitundu kidogo pale bushi inapokutana na krenki, nusu huku na nusu kule, akagonga pini humo. Sasa bushi haiwezi kuzunguka hata ikitaka.

Nilipoishika ile krenki mkononi niliona pete ya kijivu inang'aa ndani ya mkono mweupe. Nikamkumbuka yule shekhe wetu na maneno yake ya pete ya chuma, nikacheka peke yangu, mzee akadhani nimeona kasoro.

Nilimuuliza kwa nini watengenezaji walijisumbua kuifanya ya kushoto kuwa kinyume. Akanipa penseli. Nanyi ijaribuni: kunja ngumi bila ya kubana, pitisha penseli ndani ya ngumi, halafu ishike ncha moja uizungushe duara kwenda kulia huku ikigusa kingo za ngumi. Utaona penseli yenyewe inajiviringa kwenda kushoto. Mguu unapokandamiza pedeli wakati krenki inazunguka, ekseli inafanya hivyo hivyo ndani ya tundu, inajiviringa kidogo kidogo. Nyuzi za kushoto zingekuwa za kawaida, kila ukienda mbele pedeli ingekuwa inajifungua. Kwa kuwa zimegeuzwa, mwendo wenyewe unaikaza. Kumbe ile ya zamani ilikuwa ngumu kufunguka kwa sababu nimeikaza mwenyewe kwa miguu yangu miaka minane.

Hakunifungia pedeli. Nilikuwa nimenunua jozi mpya, 12,000, L na R zimeandikwa wazi, akanikabidhi spana. "Funga." Akanifundisha: grisi kidogo kwenye nyuzi, anza kwa vidole, spana baadaye. Ikikataa kwa vidole kabla ya mizunguko miwili mitatu, toa, tazama, anza tena. (Ndivyo ninavyowafundisha wasichana wangu kuzungusha gurudumu la charahani kwa mkono kabla ya kukanyaga, na sindano zinavunjika kwa wasionisikia.) Na kwa wanaosahau kulia na kushoto, elekeza mpini wa spana juu: kuusukuma kuelekea gurudumu la mbele ni kukaza, kuuvuta kuelekea la nyuma ni kulegeza. Pande zote mbili ni hivyo, huna haja ya kukumbuka jengine. Pedeli iliingia kwa vidole vyangu mpaka mwisho, laini kama bobini kwenye nyumba yake. Kazi ya mzee ilikuwa 30,000. Nililipa kwa pesa ya duka, maana mali ni yangu na kosa langu.

Usiku ule nikamwambia mume wangu. Nikaanza mbali, nikazunguka, hatimaye nikasema ni mimi niliyeilazimisha na spana yako. Akaendelea kumenya chungwa lake. "Najua. Niliona unga wa alumini kwenye baraza siku ile ile." Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema alikuwa anangoja niseme mimi. Nilikasirika kidogo, kusema kweli, kwa sababu kungoja kwake kungeweza kunivunja shingo, na nikamwambia. Akakaa kimya, akasema hilo ni kweli, angesema. Tukagawana chungwa.

Mama wa bi harusi naye nilimwambia, kwa simu, baada ya fungate kwisha. Akasema, "Ahsante kwa kuniambia," na sauti yake ilikuwa baridi mwezi mmoja hivi. Mama mkwe ndiye aliyekuwa mgumu zaidi, si kwa kosa bali kwa baskeli. Bado anasema kiuze. Lakini Idi iliyopita nilipopanda nayo kwake, pale penye mwinuko mkali nimeshuka nikaisukuma kama wenye akili, aliinama akaitazama ile pete ya chuma, akaigusa kwa kidole, akauliza fundi ni nani, maana mashine yake ya kumenyea kahawa imekula nyuzi.

Bi harusi wawili wameniandikia kuuliza kama baskeli ni mahari nzuri. Mimi nasema tazama njia za huko unakokwenda kuishi, na omba ile ambayo krenki yake inapatikana katika mji huo, hilo sikuliuliza mimi. Na iwe na kapu.

Wiki iliyopita yule bi harusi wa Jumatano alikuja dukani, ana ujauzito wa miezi mitano, anataka madera mawili yenye nafasi. Nilipokuwa napima mabega akaiona baskeli mlangoni. Akaniuliza ndiyo hiyo? Nikamwambia ndiyo hiyo. Akaizunguka, akainama kadiri tumbo lilivyomruhusu, akasoma herufi kwenye ncha ya pedeli ya kushoto, "L," kisha akapiga kengele mpaka yule kijana wa bodaboda akaamka kwenye kivuli chake.